Jibu Linakwenda kwa Nani? Historia ya Kuchuja na Kujibu Barua za Orodha, 1975–2024

Ikisiri

Orodha ya barua pepe ni anwani moja inayobeba anwani nyingi: barua inayotumwa kwa anwani hiyo husambazwa kwa wanachama wote. Makala haya yanafuatilia historia ya mambo mawili yanayodhaniwa kuwa madogo katika matumizi ya orodha hizo, yaani namna barua zinavyochujwa na namna jibu linavyopewa mwelekeo. Kwa kuchunguza nyaraka za viwango vya intaneti na programu zilizotokana nazo, makala yanaonyesha kwamba maamuzi ya kiufundi kuhusu mahali pa chujio na mwelekeo wa jibu yamekuwa pia maamuzi ya kiutawala: nani anasikika, nani analipa gharama, na kimya cha nani kinahesabiwa kuwa ridhaa. Hoja inahusishwa na taasisi za Afrika zinazojadili sera kwa njia ya orodha, na makala yanahitimishwa kwa mapendekezo manne kwa wasimamizi wa mijadala hiyo.

Maneno makuu: barua pepe, orodha ya barua, chujio, viwango vya intaneti, ushiriki wa umma

1.0 Utangulizi

Sehemu kubwa ya kanuni zinazoendesha intaneti imejadiliwa kwa barua pepe. Utaratibu wa makundi ya kazi ya IETF, uliochapishwa mwaka 1998 katika waraka wa RFC 2418, unataka makubaliano yaliyofikiwa katika kikao cha ana kwa ana yapitiwe tena katika orodha ya barua ya kundi husika. Barani Afrika, AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti kutoka makao yake nchini Mauritius, linafuata mwelekeo huohuo: pendekezo la sera hupelekwa kwanza katika orodha ya wazi, hujadiliwa huko na katika mkutano wa hadhara, kisha hurudishwa katika orodha kwa kipindi cha mwisho cha maoni. Nchini Kenya, mtandao wa KICTANet, ulioundwa mwaka 2004, umeifanya orodha ya barua kuwa ukumbi ambamo watumishi wa serikali, wafanyabiashara, wanataaluma na asasi za kiraia hujadili sera za teknolojia ya habari na mawasiliano.

Katika utaratibu wa namna hiyo, barua ambayo haikusomwa haiwi hasara ya mtu mmoja pekee. Pale ambapo pendekezo hupita kwa kukosa pingamizi, mtu ambaye barua haikumfikia huhesabiwa pamoja na waliokubali. Vivyo hivyo, pingamizi lililotumwa kwa mwandishi wa pendekezo peke yake, kwa sababu tu programu ilichagua anwani hiyo, haliingii katika kumbukumbu ya mjadala. Kwa hiyo, maswali mawili ya kiufundi, chujio limetundikwa wapi na jibu linakwenda kwa nani, yanastahili kuchunguzwa kama maswali ya historia ya utawala.

2.0 Amri ya Kujibu na Uga wa Mwelekeo, 1975–1982

Barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET ilitumwa na Ray Tomlinson mwaka 1971. Hata hivyo, kutuma barua na kuijibu yalikuwa mambo mawili tofauti. Programu ya MSG, iliyoandikwa na John Vittal na kuanza kutumika mwaka 1975, inakumbukwa kwa kuleta amri ya kujibu iliyounda anwani ya mpokeaji kutokana na barua iliyosomwa. Kuanzia hapo, uamuzi wa jibu liende wapi haukuwa tena wa mwandishi peke yake, kwa kuwa programu ilimtangulia kwa kumpendekezea.

Mwaka huohuo wa 1975, mwezi Juni, ilianzishwa MsgGroup, mojawapo ya orodha za mwanzo kabisa za majadiliano katika ARPANET. Mada yake ilikuwa barua pepe yenyewe. Einar Stefferud ndiye aliyeitunza orodha hiyo, akiongeza na kuondoa majina kwa mkono. Wanachama wake walibishana kuhusu kile kinachopaswa kuandikwa katika kichwa cha barua, yaani mistari ya juu inayotaja mwandishi, wapokeaji, tarehe na mada. Mabishano ya zama hizo yalizaa kiwango cha RFC 733 mwaka 1977, na baadaye RFC 822 mwezi Agosti 1982, kilichoandaliwa na David Crocker.

RFC 822 iliutambua uga unaoitwa Reply-To, ambao hutaja anwani ya kupelekewa jibu. Waraka ulieleza matumizi kadhaa ya uga huo. Moja lilimhusu mtu asiye na sanduku lake la kawaida katika mashine anayoitumia. Jingine liligusa moja kwa moja makundi ya majadiliano: huduma ya usambazaji ingeweza kutajwa katika uga huo ili kila anayejibu alifikie kundi zima. Maelezo hayo yalikuwa na matokeo makubwa, kwani hayakueleza bayana ni nani mwenye haki ya kuujaza uga huo: mwandishi wa barua, au mashine inayoisambaza. Mgogoro uliofuata uliota katika pengo hilo.

3.0 Orodha Zinazojiendesha na Mgogoro wa Reply-To

Mtandao wa BITNET, ulioanza mwaka 1981 kwa kuunganisha vyuo vikuu vya Marekani, uliikuza haja ya orodha kupita uwezo wa mtunza majina. Mwaka 1986, Eric Thomas, aliyekuwa mwanafunzi jijini Paris, aliandika LISTSERV, programu iliyomwezesha msomaji kujiunga na kujiondoa kwa kuiandikia mashine. Majordomo ya Brent Chapman ilifuata mwaka 1992, na Mailman, iliyoanzishwa na John Viega, ikaenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Programu hizi ziliwapa wasimamizi mamlaka mapya, mojawapo likiwa uwezo wa kufuta au kubadili uga wa Reply-To katika kila barua iliyopita.

Kambi mbili zilijitokeza. Kambi ya kwanza, ambayo msimamo wake ulifafanuliwa katika andiko maarufu la Chip Rosenthal, ilidai kwamba msimamizi anayebadili uga huo humnyang'anya mwandishi haki ya kuchagua anwani ya majibu yake, na huhatarisha siri za wanachama. Anayedhani anamjibu rafiki hujikuta amelihutubia kundi zima, na maji yakimwagika hayazoleki. Kambi ya pili, iliyotetewa katika jibu la Simon Hill, ilishikilia kwamba orodha ni baraza. Jibu linalokwenda kwa mtu mmoja hulinyima baraza maarifa, na msomaji wa kawaida hutarajia amri ya kujibu imrudishe mahali barua ilipotoka.

Mailman haikufuta ubishi huo. Ukurasa wake wa mipangilio ulimpendekezea msimamizi kuacha jibu liende kwa mwandishi, kisha ukamwelekeza kusoma maandiko yote mawili. Mwaka 2001, RFC 2822 iliyochukua nafasi ya RFC 822 ilichagua upande kwa kauli fupi: uga wa Reply-To ni pendekezo la mwandishi wa barua. Maelezo ya zamani kuhusu huduma za usambazaji hayakurudiwa, na RFC 5322 ya mwaka 2008 iliendeleza msimamo huo. Hata hivyo, wasimamizi wengi waliendelea na desturi yao.

Njia ya tatu ilikuwapo, lakini haikuenea vya kutosha. Mwezi Julai 1998, RFC 2369 iliweka nyuga maalumu za orodha, miongoni mwazo List-Post inayotaja anwani ya kuchangia, List-Unsubscribe ya kujiondoa na List-Archive ya hifadhi ya barua. Kwa kusoma List-Post, programu inaweza kumpa msomaji amri tatu badala ya mbili: mjibu mwandishi, wajibu wote, jibu orodha. Mutt na Thunderbird zina amri hiyo ya tatu. Programu nyingi zinazotumiwa maofisini na katika simu hazikuiweka mbele ya macho ya mtumiaji, hivyo ubishi ambao ulikuwa na suluhisho la kiufundi ukaendelea kwa sababu ya sura ya vitufe.

Gharama ya kukosa tofauti hiyo huonekana zaidi katika taasisi kubwa. Tarehe 14 Novemba 2016, barua ya majaribio katika huduma ya afya ya taifa ya Uingereza iliwafikia wafanyakazi zaidi ya 800,000. Walioijibu kwa kuwajumuisha wote, wakiomba kuondolewa, waliilemea mifumo kuliko ilivyolemewa na barua yenyewe.

4.0 Chujio Linatundikwa Wapi?

Suala la kuchuja lilizuka mapema sawa na suala la kujibu. Mwezi Novemba 1975, Jon Postel alichapisha RFC 706, waraka mfupi ulioonya kwamba kompyuta iliyounganishwa na mtandao haikuwa na njia ya kukataa ujumbe wa mtumaji fulani pekee. Mwezi Machi 1982, Peter Denning, akiwa rais wa chama cha wanakompyuta cha ACM, aliwaandikia wanachama kuhusu wimbi la taarifa zisizohitajika na kusisitiza kwamba uzito wa tatizo umehama kutoka kuzalisha habari kwenda kuzipokea.

Utafiti wa Thomas Malone na wenzake wa MIT, uliochapishwa mwaka 1987, uliupa mjadala huo msamiati wa kudumu. Walitofautisha aina tatu za kuchuja: kwa maudhui ya barua, kwa uhusiano wa kijamii kati ya mtumaji na mpokeaji, na kwa gharama. Mfumo wao, Information Lens, ulimwezesha msomaji kujiandikia kanuni za kupanga barua zake. Mwaka 1990, Stephen van den Berg alitoa procmail, programu iliyofanya kazi hiyo katika mashine za Unix: barua ilipowasili, mistari ya kichwa chake ililinganishwa na kanuni za mwenye sanduku, kisha ikapelekwa katika folda iliyostahiki.

Wachujaji wa barua za orodha walikabiliwa na ugumu mmoja: barua ya orodha haikuwa na alama moja ya hakika. Wengine walichuja kwa anwani iliyo katika mstari wa mpokeaji, lakini mstari huo ulibadilika mtu alipomjibu mwandishi na kuipelekea orodha nakala. Wengine walitegemea neno la mabano lililotiwa mwanzoni mwa mada, ambalo lingeweza kufutwa au kurudiwa. RFC 2919 ya Machi 2001 ilitoa dawa kwa kuanzisha uga wa List-Id, jina la kudumu ambalo halibadiliki hata orodha inapohamishiwa seva nyingine. Mwezi Januari mwaka huohuo, RFC 3028 ilikuwa imesanifisha Sieve, lugha ya kuchuja yenye jina linalomaanisha chekecheo. Wabunifu wake waliinyima kwa makusudi uwezo wa kuzunguka bila kikomo au kuendesha programu nyingine, na wakaweka kanuni ya busara: barua isiyoguswa na agizo lolote hubaki katika sanduku. Katika falsafa hiyo, shaka humnufaisha mwandishi.

Kujibu na kuchuja kulikutana katika suala la majibu ya mashine. Programu ya kutoa taarifa za likizo ingeweza kuijibu orodha, orodha ikalisambaza jibu hilo, na mzunguko ukaanza upya. Kwa hiyo programu ya vacation ya mifumo ya Unix ilijifunza kunyamaza ilipokuta alama ya barua za jumla, au ilipokosa anwani ya mwenyewe miongoni mwa wapokeaji. RFC 3834 ya mwaka 2004 iliandika adabu hiyo kuwa kanuni.

5.0 Afrika Mashariki na Gharama ya Kuchuja kwa Kuchelewa

Historia iliyosimuliwa hadi hapa inamchukulia msomaji kuwa mtu ambaye barua imekwisha kumfikia bila kumgharimu. Katika Afrika Mashariki ya mapema miaka ya 1990 hali haikuwa hivyo. Mradi wa ESANET, uliosaidiwa na shirika la IDRC la Kanada, ulihusisha vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe kwa teknolojia ya Fidonet. Barua zilihifadhiwa katika kompyuta ya kituo, kisha zikapokezanwa kwa modemu na simu za kimataifa. Mlango mmoja muhimu wa kutokea ulikuwa GreenNet, jijini London. HealthNet ya shirika la SatelLife ilitumia pia setilaiti ndogo iliyopita juu ya vituo mara chache kwa siku.

Katika mazingira hayo, kanuni nzuri ya procmail ilikuwa na manufaa madogo, kwani barua iliyotupwa baada ya kupokelewa ilikuwa imekwisha kulipiwa. Jibu lililonukuu barua nzima ya awali lilisafirisha maneno yaleyale kwa mara ya pili, kwa gharama ya kila mwanachama. RFC 1855, mwongozo wa adabu za mtandao wa mwaka 1995, ulieleza kwamba gharama ya barua hubebwa kwa takriban usawa na mtumaji na mpokeaji. Kwa msomaji wa Kampala au Dar es Salaam usawa huo haukuwapo, kwa kuwa dakika ya simu ya kimataifa ilikuwa ghali kwake kuliko kwa mwenzake aliyeunganishwa na mtandao wa chuo cha Ulaya.

Ndiyo maana chujio lililofaa lilikuwa la binadamu, tena lililotundikwa kabla ya njia ya gharama. E-Drug, orodha ya masuala ya dawa muhimu iliyoanza mwaka 1995 chini ya SatelLife, ilikuwa na wasimamizi waliosoma kila barua kabla ya kuisambaza. H-Africa, orodha ya wanahistoria wa Afrika iliyoanza katika muongo huohuo, ilihaririwa na wanataaluma. Orodha nyingine zilitoa muhtasari wa kila siku, ambapo barua nyingi hukusanywa kuwa moja. Muhtasari ulipunguza gharama, lakini ulikuwa na kasoro ya kujibu: aliyeujibu bila kubadili mada alikata uzi wa mazungumzo, na jibu lake likawa vigumu kupatikana katika hifadhi.

Uhariri huo haukuwa bila hatari. Msimamizi anayezuia marudio na matusi anaweza pia kuzuia hoja isiyompendeza. Tofauti iliyopo ni kwamba msimamizi huyo alijulikana kwa jina, alikuwa mwanachama wa jumuiya, na uamuzi wake ungeweza kuhojiwa katika baraza lilelile.

6.0 Chujio Linarudi Katikati, 2014–2024

Mwezi Aprili 2014, kampuni ya Yahoo ilitangaza kupitia mfumo wa DMARC kwamba barua inayodai kutoka katika kikoa chake ikataliwe na mpokeaji ikiwa uthibitisho wake haukulingana. AOL ilifuata mwezi huohuo. Lengo lilikuwa kuzuia barua za ulaghai zilizoghushi anwani za wateja. Athari yake kwa orodha ilikuwa ya haraka. Orodha hutuma barua kutoka katika seva yake yenyewe, na mara nyingi huongeza alama katika mada na maelezo mwishoni. Mabadiliko hayo huvunja saini ya kidijitali ya barua ya awali. Kwa hiyo barua halali ya mwanachama mwenye anwani ya Yahoo ilikataliwa na seva za wanachama wengine. Baadhi ya programu za orodha, zikiona barua zinarudishwa, ziliwasimamisha uanachama wapokeaji ambao hawakuwa na kosa lolote.

Suluhisho lililoenea lilikuwa kubadili mstari wa mwandishi ili uonyeshe anwani ya orodha, huku anwani halisi ya mwandishi ikihamishiwa katika Reply-To au mstari wa nakala. Uga uliogombaniwa kwa miongo miwili ukapewa kazi nyingine, na msomaji akazidi kushindwa kutambua jibu lake litamfikia nani. RFC 7960 ya mwaka 2016 iliorodhesha madhara hayo, na RFC 8617 ya mwaka 2019 ikapendekeza mfumo wa majaribio wa ARC, unaohifadhi ushahidi wa uthibitisho katika kila kituo cha safari. Mwezi Februari 2024, Google na Yahoo walianza kudai masharti zaidi kwa watumaji wa barua nyingi, ikiwemo njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja.

Masharti hayo yana manufaa ya kweli kwa usalama. Hata hivyo, yameuhamisha uamuzi. Msomaji wa mwaka 1990 alijiandikia kanuni zake, na msimamizi wa mwaka 1995 alijulikana kwa wanachama wake. Sasa barua ya mashauriano ya umma inaweza kuishia katika folda ya barua taka kwa hesabu ambayo mtumaji, mpokeaji na msimamizi hawaioni.

7.0 Kimya na Ridhaa: Mafunzo kwa Wasimamizi wa Mijadala ya Sera

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika mashauriano yanayoendeshwa kwa orodha, kimya kinaweza kuwa na maana nne: mwanachama amekubali, hajasoma, barua haikumfikia, au amejibu, lakini jibu lake limekwenda kwa mtu mmoja. Hifadhi ya orodha haiwezi kuzitofautisha maana hizo. Mratibu anayeandika kwamba hapakuwa na pingamizi anaandika ukweli kuhusu hifadhi, wala si lazima uwe ukweli kuhusu wanachama.

Mapendekezo manne yanatokana na historia hii. Kwanza, mwelekeo wa jibu uandikwe katika hati ya kuanzisha orodha na urudiwe mwishoni mwa kila barua. Kwa orodha za majadiliano ya sera, jibu kwenda katika orodha hulinda kumbukumbu; kwa orodha zinazogusa afya, malalamiko au usalama wa watu, jibu kwenda kwa mwandishi hulinda siri. Pili, orodha ziendeshwe katika kikoa cha taasisi yenyewe, zikiwa na List-Id na uthibitisho kamili, ili msomaji aweze kuchuja bila kukisia na hifadhi isipotee kampuni ya nje inapofunga huduma. Tatu, kimya kisihesabiwe kuwa ridhaa kabla ya kuthibitisha kwamba barua ya mwito wa mwisho imewafikia walengwa kwa njia ya pili, kama vile tangazo au mkutano. Nne, hifadhi za wazi zipimwe kwa sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, zilizopitishwa Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022, kwa kuwa anwani na maoni ya mchangiaji hubaki humo miaka mingi baada ya mjadala kufungwa.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba tangu mwaka 1975 historia ya barua za orodha imekuwa ya kuhamahama kwa mamlaka: kutoka kwa mtunza majina kwenda kwa programu, kutoka kwa msomaji kwenda kwa kampuni kubwa. Uga wa Reply-To na kanuni ya chujio ni vitu vidogo, lakini ndivyo vilivyoamua mara nyingi sauti ipi ifike barazani. Orodha bado ni njia nafuu ya kuwakutanisha watu wa nchi kadhaa katika mjadala mmoja wenye kumbukumbu, na jumuiya za Afrika Mashariki zina sababu ya kuitunza. Taasisi inayochagua kwa kujua mahali pa chujio lake na mwelekeo wa majibu yake itaweza kuwaambia wananchi, kwa ushahidi, kwamba iliwasikiliza.